Siku Moja Katika Mji wa Köln

Mji wa Köln uko katika nchi ya Ujerumani, kando ya mto mkubwa uitwao Rhine. Jina lake hutamkwa karibu na "Keln". Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki walilijua jina hili bila ya kufika huko, kwa maana ndiko ilikokuwa redio ya Deutsche Welle, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1963. Redio hiyo ilikaa Köln mpaka mwaka 2003, ndipo ilipohamia mji wa Bonn. Lakini mji wenyewe ni wa kale sana. Katika mwaka wa 50 baada ya kuzaliwa Kristo, Warumi waliokuwa wakiitawala nchi ile waliupa cheo cha "colonia", yaani mji wa raia wa Kirumi ulio mbali na Rumi. Watu wakalitamka neno hilo karne baada ya karne, likazidi kufupika, hata likawa Köln.

Mimi nilikuwa nikisoma Bonn, mji ulio jirani. Nilikuwa na rafiki mmoja, mtu wa Uchagga, aliyezaliwa katika mitelemko ya mlima wa Kilimanjaro. Yeye alikuwa akijifunza elimu ya kilimo, na hasa namna ya kuyaongoza maji mashambani. Tulikuwa tukila pamoja na kusoma pamoja, na kwa kuwa sote tulikuwa mbali na kwetu, tulikuwa kama watoto wa mama mmoja.

Mwezi wa Mei, siku ya Ijumaa ambayo hatukuwa na masomo, tulikubaliana kwenda kuutazama mji wa Köln. Tulipanda gari la moshi saa mbili asubuhi. Watu wetu huliita gari la moshi hata leo, ingawa lile halikuwa na moshi wo wote, bali lilikwenda kwa nguvu za umeme. Safari ni fupi, yapata nusu saa tu. Mashamba yalikuwa mabichi, na anga lilikuwa jeupe. Mimi nilifurahi, lakini mwenzangu alikaa kimya dirishani. Nilipomwuliza ana nini, alitoa barua mfukoni akanionyesha. Ilikuwa barua aliyomwandikia baba yake, wala alikuwa hajaipeleka posta.

Akaniambia, "Ndugu yangu, nimefanya hesabu. Mwaka wa kwanza niliumaliza kwa kujifunza lugha ya Kijerumani. Mwaka wa pili nimeanguka mtihani wa kemia. Imesalia miaka minne, na huenda ikawa mitano. Baba yangu ni mzee. Aliuza ng'ombe wake ili mimi nije huku. Nitakapomaliza, huenda hatakuwapo kuyaona matunda ya ng'ombe wale. Kwa hiyo nimemwandikia kwamba narudi nyumbani nikatafute kazi yo yote, apate faida akiwa hai."

Sikuwa na la kumjibu. Maneno yake yalikuwa ya mtoto mwema, nayo hayakuwa ya uvivu. Nikamwambia, "Barua hiyo ingoje hata jioni. Leo tutembee kwanza." Akaikunja, akairudisha mfukoni.

Mtu ashukaye katika stesheni kuu ya Köln hana haja ya kuuliza njia ya kwenda kwenye kanisa kuu. Akitoka mlangoni tu, analiona limesimama mbele yake kama jabali. Lina minara miwili mirefu, yenye kwenda juu mita 157. Ungaliweza kuisimamisha minazi mitano mirefu, mmoja juu ya mwingine, isingaliifikia ncha ya mnara ule. Ukuta wote umechongwa maua, majani, malaika na watu, na mawe yake yamekuwa meusi kwa mvua na moshi wa miaka mingi. Hapo lilipokwisha kujengwa, mwaka 1880, hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani, mpaka mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wao mjini Washington.

Mwenzangu alitazama juu hata kofia yake ikaanguka. Kisha akauliza, "Watu waliijenga kazi hii kwa muda gani?"

Nikamjibu, "Kwa miaka 632."

Alidhani nafanya mzaha. Basi tukaingia ndani.

Ndani palikuwa na baridi na utulivu. Nguzo zilisimama safu kwa safu kama miti ya msitu, na mwanga uliingia kwa madirisha ya vioo vya rangi, ukamwagika chini mwekundu na samawati. Mlinzi mmoja wa kanisa, mzee aliyevaa joho jekundu kama ilivyo desturi ya walinzi wa pale, alituona tukishangaa. Tulimwamkia kwa heshima, naye akafurahi kuona wageni wa mbali wanajua Kijerumani. Akatuonyesha njia, akatueleza habari ya kanisa tangu mwanzo.

Alisema kwamba mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald alileta Köln kutoka Milan, mji wa Italia, mifupa ambayo Wakristo wa zama zile waliamini kuwa ni ya Mamajusi, wale waliomfuata nyota mpaka Bethlehemu. Mafundi walitengeneza sanduku kubwa la kuiwekea, lililopambwa kwa dhahabu na vito, nalo liko nyuma ya altare hata leo. Mahujaji wakawa wengi mno, na kanisa la zamani likawa halifai tena. Mwaka 1248 kanisa hilo liliungua moto, na mwaka huo huo, tarehe 15 Agosti, Askofu Mkuu Konrad aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya. Fundi mkuu wa kwanza aliitwa Gerhard.

Mzee akaendelea, "Fundi Gerhard alijua tangu siku ya kwanza kwamba hataliona kanisa hili likiwa na paa kamili. Hata wanawe walijua hivyo. Lakini aliupima msingi wa kanisa zima, wala hakupima msingi wa kanisa dogo ambalo angeweza kulimaliza yeye mwenyewe."

Sehemu ya mashariki, yenye altare, ilikwisha na kuwekwa wakfu mwaka 1322. Waashi wakajenga ukuta wa kuiziba upande wa pili ili watu waweze kusali, nao wakaendelea na kazi nje. Mnara wa kusini ulianza kupanda. Juu yake palikuwa na winchi kubwa ya mbao ya kupandishia mawe. Winchi hiyo haikuwa na injini. Watu waliingia ndani ya gurudumu kubwa wakatembea, na gurudumu likizunguka, kamba ilivuta jiwe juu. Lakini fedha zikapunguka, na mioyo ya watu ikageukia mambo mengine. Mwaka 1560 kazi ikasimama. Waashi wakashuka, wakaenda zao. Winchi ikabaki juu ya mnara ambao haukufika nusu ya urefu wake.

Ili mpate kuufahamu urefu wa muda huu, wanafunzi, ulinganisheni na habari za pwani yetu. Altare ilipowekwa wakfu, mji wa Kilwa ulikuwa katika fahari yake. Miaka 9 tu baadaye, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akausifu kwa uzuri wake. Waashi walipoacha kazi, Wareno walikuwa wamekwisha kufika pwani ya Afrika ya Mashariki, lakini Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa bado kuanzwa. Ilianzwa mwaka 1593. Na kazi iliporudiwa, mwaka 1842, Seyyid Said alikuwa amekwisha kuyahamishia makao yake Unguja. Katika muda wote huo, karibu miaka mia tatu, winchi ya Köln ilikaa juu ya mnara, hata watu wakaizoea kama alama ya mji wao. Watoto walizaliwa, wakazeeka, wakafa, wasijue mnara usio na winchi.

Mwenzangu akamwuliza mzee, "Walioirudia kazi baada ya muda huo walijuaje kile ambacho mafundi wa kwanza walitaka kujenga?"

Mzee akatabasamu. "Umeuliza neno kubwa," akasema. "Walijua kwa sababu ya ngozi."

Akatueleza kwamba mafundi wa zamani walikuwa wamechora sura yote ya mbele ya kanisa, pamoja na minara yake miwili, juu ya vipande vya ngozi vilivyoungwa pamoja, mchoro wenye urefu wa zaidi ya mita nne. Mwaka 1794 majeshi ya Wafaransa yaliutwaa mji, na kanisa likafanywa ghala. Mchoro ukapotea. Lakini mwaka 1814 nusu yake ilionekana katika mji wa Darmstadt, na mwaka 1816 nusu ya pili ikaonekana Paris. Nusu mbili zikaunganishwa. Basi watu wakaona kwa macho yao jinsi mnara utakavyokuwa, mnara ambao mchoraji wake alikuwa amekwisha kufa miaka mia tano. Mchoro huo umehifadhiwa ndani ya kanisa.

Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia aliweka jiwe la kuanza tena tarehe 4 Septemba, 1842. Mfalme huyo alikuwa Mprotestanti, na kanisa ni la Wakatoliki, lakini alitoa fedha. Wenyeji nao waliunda chama cha kuchanga, na ndani yake walikuwamo Wakatoliki, Waprotestanti na Wayahudi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mafundi wapya waliufuata mchoro wa kale, lakini hawakuidharau elimu ya siku zao. Mahali pa boriti za mbao, waliezeka paa juu ya mihimili ya chuma. Mwaka 1868 winchi ya kale ikateremshwa. Mwaka 1880, mwezi wa Oktoba, jiwe la mwisho likawekwa.

Tulimshukuru mzee, tukaenda kuupanda mnara wa kusini. Ngazi zake huzunguka ndani ya ukuta kama konokono, nazo zina vidato 533. Mara ya kwanza tulipanda mbio, tukicheka. Tulipofika vidato mia mbili, kicheko kilikwisha. Mwenda pole hajikwai. Tukaanza kupanda taratibu, tukipumzika penye vidirisha. Katikati ya njia tukafika mahali pa kengele. Kubwa kuliko zote ni ile iliyosubiwa mwaka 1923, yenye uzito wa kilo 24,000. Kengele hiyo haipigwi kila siku, bali kwa sikukuu kubwa na mambo makubwa.

Mwishowe tukatokea juu, karibu mita mia kutoka chini. Upepo ulivuma kwa nguvu. Chini yetu mto wa Rhine ulipita polepole, umebeba merikebu ndefu za mizigo, na juu ya daraja la chuma magari ya moshi yalipishana kama siafu. Upande wa kusini, mbali, tulivitambua vilima vya karibu na Bonn. Katika vilima hivyo kimo kimoja kiitwacho Drachenfels, na huko ndiko waashi wa zamani walikochimba mawe mengi ya kanisa, wakayateremsha kwa mashua mpaka Köln.

Mwenzangu aliutazama mji, akaniuliza, "Mbona karibu kila kitu ni kipya? Nilidhani mji wa miaka elfu mbili utakuwa na nyumba za kale tupu."

Jibu la swali hili ni la huzuni. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambayo serikali ya Ujerumani yenyewe iliianza, Köln ilipigwa mara nyingi kutoka angani. Usiku wa tarehe 30 Mei, 1942, ndege za Waingereza zaidi ya elfu moja ziliushambulia kwa pamoja. Vita vilipokwisha mwaka 1945, sehemu kubwa ya mji wa kale ilikuwa kifusi, na daraja tuliloliona lilikuwa limeanguka mtoni, kwa maana askari wa Kijerumani walilivunja wenyewe ili adui asivuke. Kanisa kuu lilipigwa na mabomu makubwa 14. Madirisha yalipasuka na dari zikaanguka, lakini minara ilibaki imesimama katikati ya magofu. Mwaka 1943 bomu moja liliikata sehemu ya nguzo ya mnara wa kaskazini. Watu wakaijaza pengo kwa matofali, vita vikiwa bado vinaendelea, na pengo hilo likakaa na matofali yake mpaka mwaka 2005, yalipofunikwa kwa mawe ya kuchongwa.

Nikamwambia mwenzangu, "Tazama, kazi ya miaka 632 ilikuwa karibu kupotea kwa usiku mmoja." Naye akajibu, "Kubomoa hakuna mwalimu."

Tulipokwisha kushuka, miguu ikitutetemeka, tulizunguka nje. Kando ya kanisa iko karakana ya waashi. Sisi tulifikiri kwamba kazi ilikwisha mwaka 1880, kumbe sivyo. Mvua na baridi hula mawe, na moshi wa mji huyaozesha. Kila siku wako mafundi wa mawe, wa vioo, wa mabati na wa chuma wanaotengeneza palipoharibika. Hata dirisha kubwa la upande wa kusini, ambalo vioo vyake vilipotea katika vita, lilipata vioo vipya mwaka 2007, vilivyopangwa na mchoraji Gerhard Richter: vipande vya mraba zaidi ya 11,000, vya rangi 72. Watu wa Köln wana msemo wao, kwamba siku kanisa hili litakapokwisha kabisa, ndipo dunia nayo itakapokwisha.

Msichana mmoja alikuwa amesimama mbele ya jiwe, akichonga jani kwa patasi na nyundo. Alichonga kidogo, akapuliza vumbi, akapima, akachonga tena. Tukamwuliza jani lile litawekwa wapi.

"Juu," akasema, akionyesha kwa patasi. "Yapata mita themanini."

Mwenzangu akauliza, "Mtu aliye chini ataliona?"

"Hataliona."

"Basi mbona unalichonga kwa uangalifu namna hii?"

Msichana akatuonyesha jiwe la zamani lililokuwa sakafuni, limelika upande mmoja. Upande wa pili mishipa ya jani ilikuwa bado kuonekana, myembamba kama ya jani la kweli. Akasema, "Huyu aliyelichonga hakujua kama mimi nitalishika mkononi. Lakini alilichonga hivi. Mimi nafuata mkono wake."

Tulikaa kwenye ukingo wa mto tukala mikate yetu. Mwenzangu alikuwa kimya tena, lakini kimya chake hakikuwa kile cha asubuhi. Baada ya kitambo akaanza kunena, nami nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia.

"Kwetu Uchagga iko mifereji ya maji iitwayo mifongo. Maji hutolewa katika mito ya mlimani, yakapitishwa kwenye kingo za mabonde mpaka migombani. Mfongo wa kwetu ulichimbwa na watu wa zamani, hata babu yangu hakuwajua kwa majina. Kila mwaka wanaume hupanda kuuzibua, kwa sababu udongo huanguka na mizizi hupasua kingo. Nilipokuwa mtoto nilichoka, nikamwambia baba, 'Mbona kazi hii haiishi?' Baba akacheka. Akasema, 'Ikiisha, na migomba itakwisha.'

"Leo asubuhi nilikuwa nikimhesabia baba yangu faida kama mfanya biashara. Lakini sasa nakumbuka siku alipouza ng'ombe. Hakuniambia, 'Nenda, urudi nikiwa hai.' Aliniambia, 'Nenda ukajifunze maji.' Maji yale hayatakuwa ya kunywa yeye. Yeye alijua hivyo kabla yangu, kama yule fundi Gerhard."

Nikamwuliza, "Na mtihani wa kemia?"

"Nitaufanya tena," akasema. "Pengo la bomu lilijazwa kwanza kwa matofali. Nami nitaanza na matofali."

Hakuitupa ile barua. Aliigeuza nyuma, na katika gari la moshi la jioni akaandika nyingine juu ya magoti yake, akimweleza baba yake habari za kanisa, winchi na jani la jiwe. Mwishoni akamwomba amwambie ukweli kuhusu afya yake, kwa maana mwana hawezi kukata shauri vema kama hajui hali ya mzazi wake. Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Mzee alikuwa mzima, na alikuwa na swali moja tu: hao watu wa Köln, maji ya mvua wanayaondoaje juu ya paa kubwa namna hiyo? Mwenzangu alicheka sana, akaenda kutafuta jibu. Akaliona: maji hupita katika mifereji ya mawe, na kutoka hapo humwagwa mbali na kuta kwa vinywa vya wanyama wa kuchongwa, ili yasiupenye ukuta. Akamchorea baba yake picha, akaipeleka posta.

Wanafunzi, yako mambo matatu ya kushika katika habari hii. Kwanza, kazi kubwa haimalizwi na mtu mmoja, wala na kizazi kimoja. Aliyeweka msingi mzuri ameshiriki katika mnara, ingawa hakuuona. Pili, hifadhini maandishi na michoro ya waliowatangulia. Ngozi moja tu iliyohifadhiwa iliwawezesha watu wa baada ya miaka mia tano kuendelea mahali pale pale wenzao walipoachia. Tatu, kitu kilichokwisha kujengwa kinahitaji mikono kila siku. Wazee wetu walinena, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Neno hili ni kweli kwa kanisa la mawe la Köln, ni kweli kwa mfongo wa Kilimanjaro, na ni kweli kwa elimu iliyo ndani ya kichwa cha mwanafunzi.

Maneno ya kujifunza

Altare: meza takatifu ya kanisani.
Hujaji (mahujaji): mtu asafiriye kwenda mahali patakatifu.
Karakana: mahali pa kufanyia kazi ya ufundi.
Kifusi: mawe na udongo wa nyumba iliyobomoka.
Kusubu: kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu.
Kuweka wakfu: kutenga kitu kwa ajili ya ibada.
Mwashi (waashi): fundi wa kujenga kwa mawe.
Patasi: chuma chenye makali cha kuchongea.
Winchi: mtambo wa kupandishia mizigo mizito.

Maswali

1. Jina la Köln lilitoka katika neno gani, nalo lilikuwa na maana gani?
2. Kwa sababu gani watu wa Köln walitaka kanisa kubwa kuliko lile la zamani?
3. Kazi ilisimama tangu mwaka gani mpaka mwaka gani? Ni miaka mingapi? Taja jambo moja lililotokea katika pwani ya Afrika ya Mashariki katika muda huo.
4. Mafundi wa mwaka 1842 walijuaje sura ya minara waliyotakiwa kuijenga? Ni jambo gani walilolifanya tofauti na mafundi wa kale?
5. Msichana mwashi alitoa sababu gani ya kulichonga vizuri jani ambalo watu hawataliona?
6. Asubuhi rafiki yake mwandishi alitaka kurudi nyumbani. Je, sababu yake ilikuwa njema au mbaya? Toa maoni yako.
7. Waulize wazee wa kijijini kwenu ni kazi gani iliyoanzwa na watu wa zamani ambayo hutengenezwa hata leo. Andika habari zake kwa mistari kumi na miwili.